Uzi maalumu: Wauguzi na wanafunzi wa wodi za afya ya akili, mambo ya zamu tunamwambia nani?

SistaWaZamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salamu kwenu nyote. Nafanya kazi wodi ya afya ya akili, na kila muhula tunapokea wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwa mafunzo ya vitendo. Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna jambo linajirudia mbele ya macho yangu na halizungumzwi popote, isipokuwa kwenye ngazi watu wakishavua sare.

Mwanafunzi anafika asubuhi ya kwanza akiwa amekariri. Dalili za skizofrenia anazo kichwani, anajua dawa ya klopromazini ilianza kutumika kwa wagonjwa wa akili kule Paris mwaka 1952, madhara ya haloperidoli anakutajia bila kumeza mate. Lakini hakuna aliyemwambia asimame wapi. Nasema kusimama kwa miguu: mlango uwe upande gani wake, aache nafasi gani kati yake na mgonjwa, mikono aiweke wapi, na amjibu nini mtu anayemkazia macho na kumwambia "wewe ndiye uliyemuua mama yangu". Kwa kuwa hajui, anafanya alichokiona kwa wakubwa. Anajikalia chumba cha wauguzi, anapanga mafaili, anamtazama mgonjwa kupitia kioo. Wiki inaisha hivyo. Halafu sisi tunaandika kwenye fomu yake: "hajichanganyi na wagonjwa."

Msimamo wangu ni huu, mnaotaka kuupinga pingeni: ukali mwingi wa wodini ni woga uliokosa mahali pa kusemewa. Kuanzia kumkaripia mgonjwa anayeuliza swali lile lile, kuikimbilia sindano kabla maneno hayajajaribiwa, hadi kumfunga mtu kitandani kwa saa nyingi. Sisemi ukali wote, wapo watu wabaya tu kama ilivyo kila kazi. Ila wengi niliowaona wakiwa wakali walianza wakiwa waoga, wakachekwa, wakajifunza kuficha.

Na kuficha huko kuna gharama ya kitabibu. Muuguzi aliyeogopa halafu akanyamaza hasogei karibu na mgonjwa. Asiposogea haoni. Haoni kwamba yule anayezunguka korido bila kukaa hana fujo, bali dawa ndiyo inayomwasha miguu. Haoni kijana aliyepewa haloperidoli jana ambaye shingo imeanza kuvutwa upande mmoja na macho yamepanda juu. Anasema "anaigiza". Kumbe ni misuli imekamatwa, hali ambayo dawa kama benzhexoli au promethazini huifungua, na huwapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo za dawa.

Kwa hiyo naomba tuzungumze kwa uwazi. Wanafunzi, mlikutana na nini? Wazoefu, mlisaidiwa na nani, au hamkusaidiwa? Msitaje hospitali, msitaje chuo, msitaje jina la mgonjwa.

ChumaChaPua

Sista, kwa heshima zote, hii si kazi ya kulelewa. Sisi tulitupwa wodini siku ya kwanza, mtu ukala ngumi ya taya, ukafuta mdomo, ukaendelea kugawa dawa. Anayeogopa wagonjwa aende wodi ya wazazi. Mnawadekeza hawa watoto.

Pili_pili

Nimekaa mkao wa kusoma.

MwakaWaTatu

Dada SistaWaZamu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao wa kwenye kioo.

Naomba niseme kitu ambacho hatukisemi mbele ya wasimamizi. Kupigwa si ndiko kunakotutisha zaidi. Sisi wengi wetu tunaogopa kuharibu. Unamwona mtu amekaa peke yake, unataka kumsogelea, unawaza: nikiuliza swali baya itakuwaje? Nikimkumbusha jambo? Wodi ya upasuaji ukikosea kufunga kidonda, mtu anakuja anakifungua na kukionyesha upya. Neno ukishalisema halifunguliwi.

Kulikuwa na mama mmoja aliyelazwa kwa sonona nzito. Alikuwa hazungumzi na yeyote, ila nilipokuwa namsuka nywele alianza kuongea. Siku moja akaniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba amechoka kuishi na ameshapanga. Kisha: "Usimwambie mtu, wewe ndiye mwanangu humu ndani." Mikono yangu ilibaki imeshika nywele. Nilimjibu kwamba namjali na kwa sababu hiyo siwezi kulibeba peke yangu, nitamwambia sista wa zamu, na nitakuwepo wakati anaambiwa. Alinikasirikia sana. Nikaenda nikasema, akawekewa uangalizi wa karibu.

Nilifanya sawa, najua, wote waliniambia nimefanya sawa. Lakini "umefanya vizuri" ilisemwa huku mtu anatafuta kalamu. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Alikataa kuongea nami mpaka nilipomaliza wodi ile, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Sijui mlengo wa swali langu ni upi hasa. Labda ni hili: yale maumivu yanakwenda wapi?

Halafu kuna nyumbani. Ukisema uko wodi ya akili watu wanacheka, wanakuuliza kama hujaanza kuokota makopo. Kwa hiyo nyumbani hausemi, wodini hausemi.

MkufunziWaKliniki

MwakaWaTatu, marahaba kwa niaba ya sista, na pole. Ulilomwambia yule mama ni jibu ambalo watu wenye miaka kazini hulikosa. Hukumdanganya kwamba utanyamaza, hukumkimbia. Kuna dhana iliyokufa zamani lakini bado inatembea wodini, kwamba ukimuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua unampandikizia wazo. Haimpandikizii. Wengi wanasema ilikuwa nafuu kuulizwa. Kwa hiyo uliza kwa maneno yaliyonyooka, na siri ya namna hiyo usikubali kuitunza hata kwa dakika moja.

Hasira yake nayo usiibebe kama hukumu. Alikuwa amekupa jukumu lililokuzidi, wewe ukalirudisha kwa timu. Hilo alitakiwa akuambie mtu mzima wa zamu siku ile ile, mkiwa mmekaa chini, si akiwa anatafuta kalamu.

Sasa turudi kwa ChumaChaPua. Ndugu yangu, unachokieleza si kipya na kimeshachunguzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Isabel Menzies, mtaalamu wa saikolojia, aliingia hospitali moja kubwa ya kufundishia London, wala haikuwa ya magonjwa ya akili, kujua kwa nini mipango ya wanafunzi wa uuguzi inavurugika. Alikuta kazi yote imepangwa kwa namna ya kumkinga muuguzi asihisi chochote. Mgonjwa aliitwa kwa kiungo kinachoumwa badala ya jina. Kazi ilikatwa vipande ili mtu asikae na mgonjwa mmoja muda mrefu. Mwanafunzi alihamishwa wodi kabla hajazoeana na mtu. Alitarajiwa awe mgumu. Na karibu theluthi ya wanafunzi walikuwa wanaacha mafunzo kabla ya kumaliza. Menzies aliona kwamba wengi wa waliokuwa wanaondoka ndio waliofaa zaidi, wale walioweza kujali na kufikiri. Nikiangalia wodi zetu sioni tofauti kubwa, labda simu za mkononi.

Kuhusu "yanakwenda wapi". Kuna mambo mawili watu huyachanganya. La kwanza ni yale mazungumzo ya mara baada ya tukio: mtu amepigwa, mgonjwa amefungwa, mgonjwa amekufa. Hapo kinachohitajika ni kidogo na cha haraka. Je, umeumia mwilini? Una mtu wa kukusindikiza? Nani anashika wagonjwa wako? Usimlazimishe mtu asimulie kila kitu kwa undani usiku ule ule. Tafiti za kikao kimoja cha kumtoa mtu yote moyoni punde baada ya tukio zimeonyesha hakizuii athari za kiwewe baadaye, na kwa baadhi huzidisha. Msikilize akitaka kusema, na mfuatilie siku zinazofuata.

La pili ni usimamizi wa kitaaluma wa mara kwa mara, na hapa ndipo pana pengo. Watu wakisikia "usimamizi" wanafikiri ukaguzi. Brigid Proctor wa Uingereza aliugawa mwaka 1986 katika kazi tatu: kulinda viwango, kukuza ujuzi, na kumrejeshea mtu nguvu. Sisi tunafanya ya kwanza tu, tena kwa fomu. Ya tatu tunaiita kudekeza.

Nilikuwa_Kitandani

Jamani samahani, mimi si muuguzi. Nimewahi kulazwa, zaidi ya mara moja, nina ugonjwa wa hisia mseto (bipolar). Nimesita sana kama niandike.

Mnachokiita kioo, sisi tunakiona kutoka upande wa pili. Unawaona watu watano wamekaa ndani wanaandika kuhusu wewe, na hakuna anayetoka. Ukigonga wanakuonyesha kidole, subiri. Ukigonga tena wewe ni msumbufu, na usumbufu unaandikwa. Niliwahi kugonga kwa sababu choo kilikuwa kimeziba.

SistaWaZamu ameandika kuhusu dawa kuwasha miguu. Naomba niwaeleze ilivyo, maana vitabuni naona imeandikwa "kutotulia" tu. Ukikaa unataka kusimama, ukisimama unataka kukaa. Ngozi haiwashi, kinachowasha kipo ndani ya mfupa. Unatembea mpaka kisigino kinachubuka na bado kutembea hakusaidii. Nikamwambia muuguzi, "siwezi kukaa." Akaandika fujo zimeongezeka. Jioni nikaongezewa dawa ile ile. Usiku huo niliwaza mambo ambayo sikuwa nimeyawaza hata nilipokuwa mgonjwa zaidi. Aliyeigundua ni mwanafunzi. Alikuja akatembea nami korido, huku na huku, akaniuliza: "Hii imeanza kabla ya dawa au baada?" Swali moja. Akaenda kumwita daktari, wakapunguza.

Yule binti alikuwa anaogopa, nilimwona. Alishika daftari kifuani muda wote. Sikutaka asiogope. Nami nilikuwa namwogopa, alikuwa na funguo.

Kwa hiyo mnapozungumzia nani awasaidie nyinyi, sina kinyongo, msaidiwe. Ila msituweke sisi kama tukio. "Tukio la jana" ni mimi. Baada ya mtu kufungwa kitanda mnakaa mnazungumza nyinyi kwa nyinyi. Aliyefungwa anazungumza na nani?

Pili_pili

Hapo mwisho nimesoma mara mbili. Asante kwa kuandika.

Mfawidhi_Mstaafu

Nimesimamia wodi kwa muda mrefu kabla ya kustaafu. Nakubaliana na mengi ila naona mnauzunguka mbuyu. Watu hawatoshi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2020, wastani wa kati duniani ulikuwa wahudumu 13 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000. Hao ni wote, madaktari, wauguzi, wanasaikolojia. Nchi za kipato cha chini hawafiki hata 2. Na serikali kwa wastani zinaipa afya ya akili kama asilimia 2 tu ya bajeti ya afya. Ukiwa na wauguzi wawili usiku na wodi imejaa, hizo dakika za kumrejeshea mtu nguvu unazichota wapi?

Pamoja na hayo, nitakuwa mkweli. Nimeona wodi zenye watu wengi zikiwa kali na wodi zenye watu wachache zikiwa tulivu. Idadi ni lazima, ila haitoshi. Len Bowers, mtafiti wa uuguzi wa afya ya akili, na wenzake waliujaribu mpango wa kupunguza vurugu wodini uitwao Safewards kwenye wodi 31 katika hospitali 15 za Uingereza, matokeo yakatoka mwaka 2015. Hawakuongeza watu. Walibadilisha namna ya kuongea: kila mfanyakazi anaandika kitu kidogo kumhusu ili wagonjwa wamjue, habari mbaya kama kunyimwa ruhusa inatolewa na mtu anayebaki karibu baada ya kuitoa, katika kukabidhiana zamu kila mgonjwa anasemewa jambo zuri moja, na baada ya vurugu wagonjwa wengine wanafuatwa na kutulizwa. Migogoro ilishuka kama asilimia 15, na hatua za nguvu kama kufunga, kutenga na kudunga kwa lazima zikashuka zaidi ya robo. Ukitazama vizuri, kila kimoja kati ya hivyo kinamtoa muuguzi nyuma ya kioo.

Kuhusu wanafunzi, nilikuwa nawapa kazi ya kukaa. Wiki ya kwanza sikuwapa chati. Nilimpa kila mmoja mgonjwa mmoja, acheze naye karata, ale naye, atembee naye. Wenzangu walilalamika kwamba wanafunzi wanastarehe. Mmoja wa hao wastarehe alinifuata akasema, "Sista, huyu wa lithiamu jana alikuwa anashika karata vizuri, leo zinamwanguka." Nikaenda. Mikono inatetemeka kwa mtikisiko mkubwa, hatua zinayumba, na akakiri anaharisha tangu juzi. Alikuwa amepoteza maji, na lithiamu, dawa yake ya kutuliza hisia, imepanda kwenye damu. Dawa ikasimamishwa, damu ikapimwa, akawekewa dripu. Kwenye chati ya asubuhi ile alikuwa ameandikwa "ametulia".

ChumaChaPua

Naona mmenishukia. Sawa.

Sijasema mgonjwa asiangaliwe. Ninachosema, mwanafunzi ukimfundisha kila hisia iwe kikao, siku akiwa peke yake zamu ya usiku atafanyaje? Kuna wakati lazima uwe chuma. Mtu ana kipande cha kioo mkononi, huo si wakati wa kuulizana umelalaje.

Na ile ngumi ya taya, mkitaka kujua, sikuiripoti. Hakukuwa na fomu, na aliyekuwa na zamu alicheka. Bado jino linaniuma nikinywa maji baridi.

SistaWaZamu

Chuma, pole kaka. Hilo la kucheka ndilo ninalolisema toka mwanzo.

Tunakubaliana kuhusu kipande cha kioo. Hapo ni amri fupi, watu wa kutosha, wagonjwa wengine watolewe, anaongea mtu mmoja tu. Lakini mtu hawi mtulivu pale kwa kuzaliwa chuma. Anakuwa mtulivu kwa sababu alifanyishwa mazoezi kabla, anajua nani anaita msaada, nani anashika mkono upi, na kwamba mtu hashikiliwi kifudifudi huku amekandamizwa mgongoni, maana hapo pumzi inakatika na watu wamekufa hivyo. Anajua kwamba baada ya sindano ya kutuliza kazi ndiyo imeanza: mapigo, presha, pumzi, joto, kama anaitika, kila baada ya dakika chache mpaka aamke vizuri. Mwanafunzi asiyefundishwa hayo asiguse mtu anayeshikiliwa. Akae na wagonjwa wengine. Kwangu hilo halina mjadala, hata tukiwa wawili.

Nilikuwa_Kitandani, swali lako sina namna ya kulikwepa. Kwetu hakuna anayezungumza naye. Tunampa chai, tunamwambia "umeona sasa". Kinachotakiwa, na ninajua kinatakiwa, ni mtu mmoja ambaye hakushiriki kumshika akae naye akiwa tayari, amuulize alikuwa anajaribu kutuambia nini kabla hatujamfikia, na jibu liingie kwenye mpango wake wa matibabu kwa maneno yake mwenyewe. Lisiishie kwenye ripoti.

Mfawidhi, dakika nitazitoa kwenye kukabidhiana zamu. Tunasoma wagonjwa wote kwa sauti moja kama orodha ya mahudhurio, nusu ya yale yapo kwenye faili. Tukifupisha hapo tunapata robo saa kwa wiki bila kuomba kibali cha mtu.

MwakaWaTatu

Naomba kuuliza jambo la kiutendaji. Kama wodi niliyopangiwa haina hivi vitu, na mimi ni mwanafunzi tu, naanzia wapi bila kuonekana mjuaji? Nina rotesheni nyingine ya akili muhula ujao.

MkufunziWaKliniki

Anza kabla hujafika. Mwandikie anayesimamia wodi, umuulize jina la muuguzi utakayekuwa chini yake kila zamu, na nani anashika nafasi yake asipokuwepo. Usikubali jibu la "utamwona yeyote atakayekuwepo", maana yeyote huwa hayupo. Siku ya kwanza omba uonyeshwe milango, kengele ya msaada, na chumba ambacho hutakiwi kuingia na mgonjwa peke yako. Hayo hayamfanyi mtu mjuaji, ni usalama, hakuna mfawidhi mwenye akili timamu atakayekukatalia.

La kusema moyoni tafuta wenzako wa kundi. Wanne au watano, mara moja kwa wiki, bila majina ya wagonjwa, mkufunzi mmoja awepo lakini asitoe alama. Hilo la alama ni muhimu kuliko mnavyodhani. Hakuna mwanafunzi atakayemwambia "niliogopa" mtu anayeshika kalamu ya kumfelisha. Chuo kikikataa kutoa mkufunzi, fanyeni wenyewe, ila mkiona mwenzenu amekosa usingizi wiki nzima, anakunywa ili alale au anakwepa wodi, msimwachie kikundi. Apelekwe kwa mshauri au daktari kama mgonjwa mwingine yeyote. Mnasoma afya ya akili, msione aibu kuitumia.

Nyumbani usilazimike kueleza. Wakikuuliza kuhusu makopo, waambie unajifunza kusikiliza, na wao ndio zoezi lako la kwanza.

MwakaWaTatu

😂 Hiyo nimeichukua. Asante mwalimu.

Mfawidhi_Mstaafu

SistaWaZamu, hiyo robo saa usiiweke Jumatatu. Jumatatu kuna raundi kubwa ya madaktari, itamezwa wiki ya pili. Iweke katikati ya wiki, mchana, wakati zamu mbili zinapokutana, na umpe mtu mwingine aiongoze siku ambazo wewe hupo. Pia nina fomu fupi ya kuripoti wafanyakazi waliopigwa, ya ukurasa mmoja, tuliitengeneza wenyewe. Nitakutumia inboksi. ChumaChaPua nawe nitakutumia.

ChumaChaPua

Tuma.

Nilikuwa_Kitandani

Mkimaliza na fomu ya wafanyakazi, nipo tayari kusaidia kuandika ya upande wetu. Maswali matatu yanatosha, ila yaulizwe na mtu aliyekaa chini.